PLC haianzii kwenye laptopu

(Haya ni maongezi niliyofanya Dar na wanafunzi wa umeme pamoja na mafundi wachache waliotoka viwandani. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nimepunguza vicheko na ile sehemu tuliyokaa kimya tunasubiri umeme urudi.)

Walimu wangu shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi. Na kaka zangu mliokaa kule nyuma na ovaroli zenu, karibuni mbele bana, haya maongezi ni ya kwenu kuliko mnavyodhani.

Nimeambiwa niongelee jinsi ya kujifunza kuprogramu PLC, yaani kile kikompyuta cha kiwandani kinachoamua mashine iwake au izime, na naona wengi mmekuja na laptopu na flashi mkitegemea nigawe softwea. Majina ya softwea nitawapa, na ni za bure, msiwe na haraka. Ila nikianza na softwea nitakuwa nimewapoteza, maana huko ndo kila mtu anaanzia, anaangalia video za YouTube, anajua kuburuta kontakti na koili, zile alama za swichi na za kitu kinachowashwa, taa inawaka kwenye skrini, anajiona kamaliza. Siku anafika kiwandani anakuta mashine inamwaga maji sakafuni na meneja kasimama nyuma yake, ndo anagundua kwamba zile video hakuna hata moja iliyomwambia waya ukikatika inakuwaje.

Hiyo ndo hoja yangu ya leo, ishikeni. Kuandika programu ya mashine ikiwa nzima ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kuandika mashine itafanya nini waya ukikatika, umeme ukirudi ghafla, sensa ikidanganya, na mtu akiweka mkono pasipotakiwa.

Twende kwenye kitu ambacho nyote mnakijua, stati na stopu ya mota moja. Mmeifanya mwaka wa kwanza kwa kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayowasha mota. Batani ya stati ni nomali openi, haipitishi umeme mpaka uibonyeze, ya stopu ni nomali klozi, inapitisha mpaka uibonyeze, na kontakti saidizi ya kontakta inakaa sambamba na stati ili ukiachia kidole mota iendelee. Sasa hamishia kwenye PLC. Stati inaingia inputi I0.0, stopu inaingia I0.1, kontakta iko kwenye autiputi Q0.0. Mwanafunzi anafungua laptopu, anakumbuka stopu ni nomali klozi, kwa hiyo kwenye ladda, ile lugha ya PLC inayochorwa kama ngazi, anachora kontakti yenye mkwaju katikati, ile ya klozi. Anadaunilodi, anabonyeza stati, mota haigeuki, na akiishikilia stopu huku anabonyeza stati, mota inanguruma! Nimeona watu wakibadilisha kontakta nzima kwa ajili ya hii kitu.

Sababu ni hii. Batani ya stopu ikiwa haijaguswa inapitisha volti 24 muda wote, kwa hiyo I0.1 muda wote ni 1. PLC haijui wala haijali kwamba nje huko ni batani ya aina gani, inachoona ni kuna umeme kwenye hiyo teminali au hamna. Ile kontakti yenye mkwaju maana yake "nipitishe kama hii inputi ni 0". Unatakiwa uchore ile ya kawaida isiyo na mkwaju, maana yake "nipitishe kama ni 1". Yaani nje klozi, ndani openi.

Hapo mjanja mmoja atasema basi si nifunge stopu ya nomali openi nje, nitumie mkwaju ndani, inafanya kazi vilevile. Kweli inafanya kazi, mpaka siku panya kakata waya wa stopu. Ukiwa umefunga klozi, waya ukikatika inputi inashuka 0 na mota inasimama yenyewe, utakasirika lakini utajua kuna tatizo. Ukiwa umefunga openi, waya ukikatika mota inaendelea raha mstarehe, na hakuna anayejua kwamba hiyo batani imekufa mpaka siku mtu kanasa nguo kwenye konveya anaigonga na haisikii. Ladda zote mbili kwenye skrini zinaonekana sawa. Simuleta, ile PLC ya kuigiza kwenye laptopu, haikuonyeshi. Ndo maana nasema haianzii kwenye laptopu.

Na kwa kuwa tumefika hapo, emajensi stopu ile nyekundu ya uyoga haipiti kwenye PLC ya kawaida peke yake. Inakata umeme wa kontakta moja kwa moja, au inapitia rilei ya usalama (rilei ni swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), halafu PLC inapewa taarifa tu kwamba imebonyezwa. Ukitaka ipite kwenye PLC basi iwe PLC ya usalama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hili sijadili.

Sasa umeme. Sisi huku umeme kukatika ni kitu mnakijua, mmekiona hata leo. Ile sakiti yetu ya stati na stopu ina uzuri mmoja, umeme ukikatika Q0.0 inaanguka, ukirudi mota inasubiri mtu abonyeze stati. Ila vijana wakishajua maagizo ya Set na Reset, moja linawasha biti ibaki hivyo na lingine linaizima, wanayapenda sana, wanaacha kabisa ile ya kujishikilia. Sawa, sio dhambi, lakini uliza swali: hiyo biti uliyoiset, ni ya kumbukumbu inayobaki au inayofutika? Kwenye S7-1200 ya Siemens unaweza kuweka sehemu ya kumbukumbu za M zibaki hata umeme ukikatika. Kwenye PLC za Allen-Bradley ile OTL, koili ya kuset, inabaki, na OTE, koili ya kawaida, inafutwa PLC inapoanza upya. Kwa hiyo programu mbili zinazofanana kabisa mchana kutwa zinaachana sekunde moja tu, pale umeme unaporudi. Moja imetulia. Nyingine imewasha konveya na kuna kijana kaingiza mkono anatoa chupa zilizokwama, maana alijua umeme hamna.

Swali la kwanza nikipewa programu ya mtu niikague ni hilo, umeme ukirudi inakuwaje. Nachomoa, nahesabu kumi, narudisha, naangalia nini kinatembea bila kuombwa.

Tuongelee skani kidogo, maana bila hii mtapata matatizo mtayaita uchawi. PLC haifanyi vitu vyote kwa wakati mmoja kama sakiti ya rilei. Ni kama konda wa daladala, anachungulia kituo chote mara moja nani anapanda nani anashuka, anapiga hesabu kichwani, halafu ndo anagonga bati. PLC inasoma inputi zote na kuzinakili, inapitia programu kuanzia juu mpaka chini, halafu ndo inapeleka majibu kwenye autiputi. Kisha inarudia, kila baada ya milisekunde chache, siku nzima. Mzunguko mmoja wa hivyo ndo skani.

Kutoka hapo yanazaliwa mambo mawili ambayo kila anayeanza atakutana nayo. La kwanza, koili moja kuandikwa sehemu mbili. Kijana ana hali ya mkono na hali ya oto, anaandika mstari wa mkono unaowasha Q0.0, halafu chini anaandika mstari wa oto unaowasha Q0.0 hiyohiyo. Oto inafanya kazi, mkono haufanyi. Kwa sababu mstari wa juu umesema washa, wa chini ukasema zima, na aliyeongea mwisho ndo anapelekwa kwenye autiputi. Dawa yake koili iandikwe mara moja tu, njia za kuiwasha ziwe sambamba kwenye mstari mmoja. La pili, kuhesabu. Chupa inapita mbele ya sensa kwa nusu sekunde, skani ni milisekunde 10, wewe umeandika "inputi ikiwa 1, ongeza moja". Chupa moja umeihesabu mara 50. Unatakiwa ushike ile nukta ya kutoka 0 kwenda 1, ukingo wa kupanda, sio hali yenyewe. Kaunta ya kawaida inafanya hivyo yenyewe, lakini ukitumia ADD, agizo la kujumlisha, ni juu yako. Na kinyume chake kipo pia, kitu kikipita haraka kuliko skani PLC haikioni kabisa, hapo unahitaji kaunta za kasi.

Mafundi wa ovaroli, sasa nawaongelea nyie. Mnajua kwa nini hii lugha inaitwa ladda na inafanana na michoro yenu ya rilei? Mwaka 1968 General Motors, idara yao ya Hydra-Matic inayotengeneza gia za oto, walichoka na makabati ya rilei. Kila wakibadilisha modeli ya gari wanavunja nyaya na kufunga upya. Wakaomba kitu cha elektroniki kinachoweza kubadilishwa bila kufunga nyaya upya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakaja na mashine wakaiita Modicon 084, 084 kwa sababu ilikuwa mradi wao wa 84, na ikaingia kazini 1969. Na wakaipa sura ya mchoro wa rilei kwa sababu watu watakaoitumia ni mafundi umeme wa kiwandani, ambao hawana habari na kompyuta. Kwa hiyo kaka yangu uliyekaa miaka na miaka unafunga sta-delta, ile ya kuwasha mota kubwa kwa hatua mbili, usiogope kwa kuwa huyu dogo ana diploma na laptopu. Hii lugha ilichorwa kwa ajili yako. Jina la Modicon bado lipo mpaka leo, liko chini ya Schneider.

Na tukitaja sta-delta, hapa ndo fundi anamshinda mwanafunzi. Mwanafunzi anaandika, taima ya sekunde tano ikiisha zima sta, washa delta. Kwenye skrini safi kabisa. Kwenye paneli, PLC imebadilisha zote mbili kwa skani moja, ila kontakta ni chuma na springi, ya sta haijamaliza kufunguka na cheche bado zipo, ya delta imeshafunga. Fezi tatu zimekutana, fyuzi zinaruka kama una bahati. Fundi anajua kwamba lazima upite muda mdogo katikati, na kwamba umeme wa koili ya delta upite kwenye kontakti saidizi ya klozi ya sta, na wa koili ya sta upite kwenye ile ya delta, kwa waya, mbali na intaloki, kizuizi cha zote mbili kuwaka pamoja, uliyoandika kwenye ladda. Maana kontakta ikiganda, ladda haijui.

Sasa upande wa sensa, nisikilizeni vizuri maana hapa ndo mkate wenu wa kila siku ulipo. Kuna kiwanda kimoja, sikitaji, mashine ya kujaza chupa ilisimama. Kijana akaja na laptopu, akaingia onlaini, akaona inputi ya "chupa ipo" haiwaki. Akafanya nini? Akaifosi, yaani akailazimisha iwe 1 kutoka kwenye laptopu. Mashine ikatembea, wakapiga makofi, halafu ikaanza kujaza chupa ambazo hazipo. Maji yote chini.

Wewe ukifika kabla ya kufungua laptopu angalia taa mbili. Taa ndogo iliyo mgongoni kwa sensa, na taa ya inputi kwenye PLC. Weka chupa kwa mkono. Sensa haiwaki? Futa kioo chake, angalia kama imesogea, angalia kama ina umeme. Sensa inawaka ila inputi haiwaki? Tatizo ni waya, au kuna mtu kabadilisha sensa. Na hili la kubadilisha ni balaa, kwa sababu sensa za PNP na NPN kwa macho ni zilezile, mwili uleule, rangi za nyaya zilezile, ya kahawia, ya bluu, nyeusi. PNP inatoa chanya kwenye ule waya mweusi, NPN inauvuta kwenye hasi. Usiku dukani wamekuletea NPN, umeifunga, taa yake inawaka vizuri kabisa chupa ikipita, PLC kimya. Mtu anakaa mpaka asubuhi anapekua programu. Sensa inawaka, inputi inawaka, lakini mashine haitembei? Hapo sasa ndo fungua laptopu.

Kule kiwandani tatizo lilikuwa kioo cha sensa, matone ya maji yamekaukia juu yake kikawa na ukungu. Kitambaa tu.

Upande wa analogi, yaani ishara inayopanda na kushuka badala ya 0 na 1 tu, nitapita haraka. Transmita nyingi mtakazokutana nazo, vile vifaa vya kupima na kutuma kipimo, zinatoa milliampia 4 mpaka 20. Watu wanauliza kwa nini isianzie 0, na jibu ni lilelile la batani ya stopu. Tenki likiwa tupu unapata 4, waya ukikatika unapata 0, kwa hiyo unaweza kutofautisha tenki tupu na waya uliokatika. Tenki la mita 5, ukisoma 12 uko nusu, mita mbili na nusu. Sasa wengi wenu mtanunua S7-1200 ya mtumba kwa mazoezi, jueni kwamba inputi za analogi zilizo mwilini mwake ni za volti 0 mpaka 10, sio za milliampia. Watu wanaweka rezista ya omu 500, milliampia 20 inakuwa volti 10, milliampia 4 inakuwa volti 2. PLC inasoma 27648 kwenye volti 10, kwa hiyo tenki tupu utasoma kama 5530 hivi, hutasoma 0. Ukisahau kuitoa hiyo 5530 kwenye hesabu, tenki lako halitaisha maji maisha, na pampu itazunguka kavu. Na ukisoma namba iko chini sana ya hapo, usiseme maji yameisha, piga alamu sema waya umekatika na uzime kwa utaratibu.

Haya, softwea, maana naona mnanikodolea. CODESYS ni ya bure, ina simuleta ndani, na lugha zote za kiwango cha IEC 61131-3 kile kilichotoka 1993 zimo, ladda, bloku, na ile ya maandishi inayoitwa Structured Text. Ukitaka kuiendesha kwenye Raspberry Pi inakubali, ila bila leseni inajizima baada ya saa 2, unawasha tena, kwa mazoezi inatosha kabisa. OpenPLC nayo bure. Ukipata PLC ya kampuni ya Delta, softwea zao ni za bure na zile PLC zao ndogo mtazikuta kwenye mashine nyingi za bei ya kati. Siemens TIA Portal majaribio ni siku 21, kwa hiyo usiifungue mpaka umeshajua unataka kufanya nini.

Crack, softwea iliyovunjwa leseni, msiniulize. Mnajua Stuxnet iliyogunduliwa 2010 iliingiaje? Flashi. Ikajificha kwenye softwea ya Step 7 ya Siemens, ikaenda kubadilisha kasi ya mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, huku skrini za waendeshaji zinaonyesha kila kitu kiko sawa. Hiyo ilitengenezwa na watu wenye pesa na akili nyingi, ndio, lakini wewe unachomeka kwenye laptopu ya kazi flashi yenye crack uliyopewa na rafiki wa rafiki, halafu hiyo laptopu unaipeleka kwenye boila. Sina la kuongeza.

Mazoezi yenyewe, usinunue kitu kikubwa. PLC ndogo ya mtumba, pawa saplai ya volti 24, batani mbili, taa mbili, rilei moja. Andika stati na stopu, halafu anza kuiharibu. Chomoa waya wa stopu mota ikiwa inatembea, angalia. Zima umeme katikati ya taima, washa, angalia taima imeanzia wapi. Bonyeza stati na stopu pamoja. Shikilia stati usiachie, halafu bonyeza na kuachia stopu, uone kama mota inarudi yenyewe. Itarudi, na ni wewe uamue kama unataka irudi. Kila kitu ukikiharibu andika kwenye daftari kilifanya nini, hiyo daftari ni bora kuliko cheti changu mimi.

Maswali machache niliyoulizwa, nijibu haraka.

Dada kauliza kama Arduino inatosha. Kwa kujifunza mantiki inasaidia, tena sana. Ila pini zake ni za volti 5 na kiwandani kelele za umeme ni nyingi, inveta, kile kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, ikiwaka tu pembeni ule ubao unajiresti. Jifunzie, usiifunge kwenye mashine ya mtu.

Mwingine kauliza aanze na kampuni gani. Nenda viwanda vilivyo karibu na kwenu, omba kuonyeshwa paneli, angalia maandishi kwenye PLC. Utakazoziona ndo hizo anza nazo, usifuate mabishano ya mitandaoni.

La mwisho ni la kaka wa ovaroli kule nyuma, na ndo swali bora la leo. Anasema mashine yao imefungwa na mkandarasi, PLC ina neno la siri, programu hawana, na kila ikigoma wanamlipa mtu aje kutoka nje. Hili liko viwanda vingi sana na halitatuliwi na laptopu. Linatatuliwa kwenye mkataba, kabla mashine haijapokelewa: mkabidhiwe faili la programu lenyewe pamoja na maelezo na majina ya inputi, maneno ya siri yote, mchoro wa paneli uliosahihishwa vile paneli ilivyo na sio vile ilivyopangwa. Msidanganyike kwamba mtaivuta kutoka kwenye PLC baadaye, PLC za zamani kama S7-300 ukivuta programu unapata ladda tupu, maelezo na majina hayamo, unabaki unatazama M12.3 hujui ni mlango au pampu. Na mkishalipata hilo faili liwekeni sehemu mbili, na kila mtu akigusa programu ahifadhi ya zamani kwanza na tarehe.

Kwa nyie ambao mashine imeshafungwa, kaka, niambie kitu kimoja tu. Ile asilimia ya mwisho mmeshamlipa? Bado? Basi mpigie leo, kabla ofisi ya uhasibu haijafunga.